Siku Mama Aliporuhusiwa Kupumua

Jirani yetu wa kijijini Kaengesa ndiye aliyenipigia simu. Ni mwanamke wa Kisukuma, alihamia kule na mumewe na ng'ombe wao wakati mimi bado nasoma shule ya msingi, na kwa mama amekuwa zaidi ya ndugu. Siku hiyo nilikuwa kwenye cherehani yangu mjini Sumbawanga, nashona sare za shule maana muhula ulikuwa unakaribia kufunguliwa. Akanisalimia, akaulizia watoto, halafu akasema mama amelala.

Nikamuuliza kulala kuna ubaya gani.

Akasema jua limeshapanda, kimea kimeanikwa uani, kuku wanakidonoa, naye mama amelala ndani na hana habari.

Nilifunika cherehani nikaenda stendi.

Kwa asiyemjua mama yangu, hilo halikuwa jambo la kumtoa mtu kazini. Lakini mama alikuwa mpika pombe ya ulezi, na mpika pombe haachi kimea chake kwa kuku. Baba alipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyotulea mimi na kaka yangu. Ulezi aliulima mwenyewe, akauloweka, akauotesha, akauanika, akausaga, akaupika uji, na ule uji ukakaa ndani ya pipa la chuma mpaka uchachuke. Pipa hilo baba alilipata kwa watu waliokuwa wakitengeneza barabara. Walilikata mdomo, wakalisugua kwa mchanga na majivu, na tangu hapo mitungi ya udongo ya bibi ikawa ya kuwekea mahindi ya mbegu. Pipa halikupasuka, na lilitosha watu wa harusi nzima. Watu walitoka mpaka Mollo kuja kuulizia pombe ya mama, hasa baada ya mavuno.

Kulewa sikuwahi kumwona. Alionja, kwa sababu asiyeonja hawezi kupika. Alionja asubuhi, akaonja mchana, na jioni alikaa na kikombe chake karibu na jiko akila ugali. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yote ninayoikumbuka.

Nilimkuta ameamka, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kama vile hakuna kilichotokea. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimefuata nini siku ya kazi. Nilipomwangalia vizuri niliona alichokiona jirani. Ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeusi kwa namna nyingine, nyeusi yenye kijivu, kama sufuria iliyosuguliwa ising'ae. Vidole alikuwa akivikunja kwa shida. Nilipomwuliza, alikubali kwamba ubavu wa kulia una uzito, si maumivu, uzito tu, kama mtu aliyebeba mtoto upande mmoja. Na uchovu. Alisema uchovu wenyewe ndio unaomtia aibu.

Tulianza na zahanati, tukaenda hospitali mjini. Daktari aliyempima kwa altrasaundi alisema ini limevimba kidogo na linaonyesha mafuta. Damu nayo ilionyesha kwamba akiba ya madini ya chuma mwilini iko juu sana. Akamwuliza mama kama anakunywa pombe. Mama akasema ndiyo, anapika na anaonja. Daktari akaandika. Hakusema neno baya hata moja, lakini mama aliikodolea macho ile kalamu mpaka ikasimama.

Neno baya lilisemwa nyumbani. Kaka yangu ni mwenyekiti wa jumuiya ya pale kijijini, mtu wa sala, aliacha pombe alipooa. Nyumba yake na ya mama zinatazamana. Nilipomweleza kwamba tatizo ni ini, alimgeukia mama.

"Nilikwambia hiyo kazi itakuua. Watu wananiuliza kanisani, nashindwa kujibu."

Mama alinyanyuka, akashika mlango kwanza mpaka miguu ikapata nguvu, akatoka kwenda kugeuza kimea. Baadaye, tulipokuwa wawili tu jikoni, aliniambia kwa Kifipa, maana mambo ya moyoni mama hayasemi kwa Kiswahili, kwamba ini halimuumi kama linavyomuuma jambo la mwanawe kudhani anajificha nyuma ya nyumba kunywa. Alitaka kujua kama kuna kipimo cha kuonyesha ukweli. Nikamwambia daktari ameandika twende Mbeya.

Mbeya tulipokelewa na binamu yangu anayeishi huko, na siku iliyofuata tukaenda hospitali. Daktari wa pale alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, anayezungumza akimtazama mgonjwa na si mimi niliyemsindikiza. Alimweleza mama hivi: kile kipimo cha chuma kwenye damu kinaweza kupanda kwa sababu kadhaa. Mafuta kwenye ini yanaweza kukipandisha, uvimbe unaweza kukipandisha, na chuma chenyewe kikizidi kinaweza kukipandisha. Yeye anataka kujua ndani ya ini kuna nini hasa, na kiasi gani, ndipo ajue cha kutibu. Ipo mashine ya MRI inayoweza kupima mafuta na chuma bila kuchoma wala kukata.

"Bila kisu?" mama akauliza.

"Bila kisu wala sindano, mama. Kulala tu."

Kumbe haikuwa kulala tu.

Aliyeendesha mashine alikuwa binti mrefu mwenye sauti ya chini. Alimwamkia mama, akamwambia avue kila kitu cha chuma: hereni, pini, sidiria yenye vifungo. Mama alivua vyote bila ubishi mpaka tulipofika kwenye rozari. Ilikuwa na mnyororo wa chuma, na mama alikuwa amelala nayo na kuamka nayo tangu ujana wake. Akaikunja kiganjani, akafumba mkono. Yule binti hakumlazimisha. Alieleza kwamba ndani ya chumba kile kuna sumaku kubwa ambayo haizimwi mchana wala usiku, na ikiivuta rozari inaweza kumuumiza. Mama aliendelea kufumba mkono.

Mimi ni fundi cherehani, sikosi uzi. Nilitoa kwenye mkoba uzi mnene wa pamba ninaotumia kukazia vifungo, nikausokota mara kadhaa, nikaufunga mafundo kumi, nikaacha nafasi, nikafunga jingine moja, kama fungu moja la rozari. Yule binti akaupitisha kwenye vidole vyake kuhakikisha hauna kitu, akasema unaruhusiwa. Mama akaupokea, akaupima kwa kidole gumba fundo kwa fundo, ndipo akaniachia ile rozari niishike.

Walimlaza juu ya kitanda chembamba, wakamfunika blanketi, wakamvalisha vya kuziba masikio ambavyo ndani yake sauti ya binti ingesikika, wakamsogeza ndani. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kioo, pembeni ya binti. Mama alionekana miguu tu. Mashine ikaanza kugonga. Binti akasema kwenye kipaza sauti, polepole: "Vuta pumzi, mama. Toa. Vuta tena. Bana."

Mama ana kifua cha moshi. Wanawake waliopika kwenye vibanda visivyo na dirisha wanakijua hicho kifua. Anatembea vizuri, analima, lakini ukimwambia abane pumzi anakohoa. Niliona miguu ikitulia kidogo, halafu ikaruka, halafu kikohozi. Binti akangoja, akarudia. Kikohozi tena. Alijaribu kumfundisha abane nusu tu, abane kidogo tu. Kwenye skrini picha zilitokea zimevurugika, mistari juu ya mistari, kama uso wa mtu kwenye maji yaliyotupiwa jiwe. Binti alimwambia mama kwa upole kwamba wapumzike, akamtoa.

Mama alikaa kitandani ameloa jasho ingawa Mbeya ilikuwa na baridi kali siku hiyo. Alimtazama yule binti kama anayeomba radhi.

"Mwanangu," akasema, "mtu akiniambia nisipumue, ndiyo kwanza nataka kupumua."

Binti alicheka, na mama naye akacheka, lakini nilimjua. Alikuwa amekuja kutafuta ushahidi, na ushahidi ulikuwa umekataa.

Daktari alisema njia iliyobaki ni kuchukua kinyama kidogo cha ini kwa sindano ndefu, kikapimwe. Alieleza jinsi kipimo hicho kinavyofanyika na hatari zake, ambazo kwa watu wengi ni ndogo. Akatupangia tarehe. Mama aliitikia kila neno, lakini kwenye basi, tulipopita Tunduma, aliniambia hatarudi. Alisema ameshazaa, ameshazika, ameshalima, na sindano ya kwenye ini hajaona inamwongezea nini. Sikubishana naye. Tulipokaribia Laela alisinzia begani kwangu, na nilihisi jinsi alivyopungua uzito.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Nilikwenda Kaengesa kila nilipoweza. Jirani alileta maziwa asubuhi na kusimama mlangoni mpaka mama ayanywe. Kaka alikuja kila jioni, akauliza hali, akakaa kidogo, akaondoka. Hakurudia lile neno, ila hakulifuta pia. Mama aliacha kupika. Pipa lilikaa tupu limegeuzwa chini juu, na watu waliotoka mbali kuulizia pombe walirudi mikono mitupu. Nadhani hilo la kurudisha watu lilimchosha kuliko ugonjwa.

Ndipo nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya chini niliyoikumbuka mara moja. Yule binti wa mashine alisema alichukua namba yangu kwenye faili. Alisema wamepokea njia mpya ya kupima ini, wataalamu wamekuja kuiweka kwenye mashine na kuwafundisha, nao wamekuwa wakiitumia kwa watoto wadogo ambao nao hawawezi kubana pumzi. Daktari amekubali mama ajaribiwe kabla ya kufikiria sindano.

"Mwambie mama aje," alisema. "Safari hii atapumua."

Nilipomfikishia mama maneno hayo aliniuliza kama yule binti amesema hivyo kweli, kwamba atapumua. Nikasema ndivyo alivyosema. Akaniambia nimpigie pasi gauni lake la bluu.

Safari ya pili mama aliingia chumbani kama anayeingia kwa mtu anayemfahamu. Hereni alikuwa ameziacha nyumbani, na uzi wa mafundo alikuwa nao. Binti alimfunga mkanda laini juu ya tumbo, akamweleza kwamba mkanda ule unasikiliza tumbo likipanda na kushuka. Mashine itapiga vipande vingi vidogo vya picha, na kwa kila kipande itajua tumbo lilikuwa wapi, halafu itavipanga vinavyofanana pamoja. Kwa hiyo kazi ya mama ni moja.

"Ipi?" mama akauliza.

"Pumua kama uko nyumbani."

Nilikaa tena nyuma ya kioo. Mashine iligonga, ikanyamaza, ikavuma, ikagonga tena kwa mlio mwingine. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Niliona mistari ya pumzi yake kwenye skrini ndogo, vilima na mabonde, mwanzoni vimebanana, vya mtu mwenye hofu. Baadaye vikaanza kuachana, vikawa virefu, laini, vinavyofuatana kama matuta ya shamba lililolimwa na mtu asiye na haraka. Sikuwahi kufikiri kwamba nitakuja kuiona pumzi ya mama yangu. Nilitoa leso nikajifuta macho, na yule binti akajifanya anasoma kitu upande wa pili.

Alikohoa mara moja katikati. Nikashika kiti. Binti akaniambia nisiwe na wasiwasi, kikohozi kimoja mashine inakitupa.

Mama alipotolewa, aliuliza kwa nini wamemtoa mapema. Alikuwa amesinzia.

Daktari alituita siku iliyofuata. Alikuwa na picha mbili kwenye kompyuta, ini lile lile mara mbili, moja limepakwa rangi kuonyesha mafuta, jingine kuonyesha chuma. Alisema zamani vitu hivi viwili vilisumbuana, kimoja kilifunika kingine, lakini njia hii inaweza kuvitenganisha na kutoa kipimo cha kila kimoja. Akamwonyesha mama ile ya kwanza. Mafuta yapo, alisema, lakini si mengi, na chakula na kutembea vitayapunguza. Kisha akamwonyesha ya pili, na hapo rangi ilikuwa imekolea ini zima.

"Hiki ndicho kinachokusumbua, mama. Chuma kimejaa. Lakini ini halijakauka. Tumewahi."

Mama alisogeza kiti karibu na skrini, akatazama kwa muda. Akauliza chuma kimeingiaje, maana yeye hajawahi kula misumari.

Daktari akamwomba amweleze anavyopika pombe yake, tangu mwanzo. Mama alieleza. Nilimsikia akieleza kama alivyokuwa akinieleza mimi nikiwa mdogo, bila kuruka hatua, kuloweka, kuotesha, kuanika, uji. Alipofika kwenye kuchachua, daktari akauliza uji unachachukia ndani ya chombo gani. Mama akasema kwenye pipa. Pipa la nini? La chuma. Unakaa humo muda gani? Mpaka uive, mama akasema, siku kadhaa, kutegemea baridi, na Ufipa baridi haikosekani.

Daktari akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba uchachu unakula chuma, kidogo kidogo, na chuma hicho kinayeyuka ndani ya pombe bila kuonekana wala mtu kukitambua kwenye ladha. Anayekunywa kikombe kila siku kwa miaka mingi, hata asilewe, chuma kinajikusanya, kwa sababu mwili unajua kukipokea lakini haujui kukitoa. Na kwa mwanamke, akishaacha kuona siku zake, kinajikusanya haraka zaidi. Wengine miili yao inakipokea kuliko wenzao, kwa hiyo watu wawili wanaweza kunywa pipa moja na mmoja tu akaugua.



"Kwa hiyo," mama akasema, "miaka yote hii nimekuwa nikinywa pipa."

Daktari alitabasamu, akasema ndiyo, unaweza kusema hivyo. Mama akamwuliza swali alilokuja nalo kutoka nyumbani, na alilisema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: je, picha hiyo inaonyesha mlevi? Daktari akamtazama, nadhani alielewa kwamba haulizi kwa ajili yake peke yake. Akasema picha haiwezi kuhesabu vikombe vya mtu. Lakini ugonjwa anaouona hapa unaelezwa na chuma, na chuma kinaelezwa na pipa. Akaongeza kwamba kwa sasa pombe aiache kabisa, iwe ya pipa au ya chombo chochote, ini lipumzike. Mama akasema hilo halina shida.

Kaka alitupokea stendi ndogo ya Kaengesa. Nilimweleza tukiwa tunatembea, mama akiwa mbele na jirani yake, ambaye naye alikuja kumpokea. Nilimweleza kila kitu, mafuta kidogo, chuma kingi, pipa. Tulipofika, kaka alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kupikia, akalibeba lile pipa kifuani peke yake, akalipeleka kwake nyuma ya zizi. Aliporudi mikono ilikuwa na kutu. Akachuchumaa mbele ya kigoda cha mama.

"Mama, nilikusema vibaya," akamwambia. "Na hata kanisani sikukutetea."

Mama alimtazama kichwani, akamtoa jani lililonasa kwenye nywele. Alimwambia anawe mikono waje wale.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya ajabu kwetu. Dawa ya chuma kilichozidi ni kutoa damu, kwa sababu damu imebeba chuma, na mwili ukitengeneza damu mpya unakwenda kuchukua chuma kule kwenye ini. Daktari wa Mbeya aliwasiliana na wenzake wa Sumbawanga, ikapangwa mama atolewe damu huko huko, kila baada ya muda, wakimpima kwanza kama damu inamtosha. Mara ya kwanza nilikaa naye. Mfuko ulipojaa, akamwuliza nesi wanaipeleka wapi. Nesi akasema inateketezwa.

Hapo mama alikasirika kweli. Alisema yeye amewahi kumwona mwanamke akifa kwa kukosa damu baada ya kujifungua, na leo damu yake nzuri inatupwa. Nesi alimweleza kwa subira kwamba umri wake umepita, na mtu anayetibiwa ini damu yake hapewi mgonjwa mwingine. Mama akasema ameelewa, lakini hakupendezwa. Alipokuwa anashushiwa mkono wa sweta aliniangalia.

"Yangu hawaitaki. Basi watachukua ya wanangu."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Nilitoa yangu siku ile ile, na kaka aliagizwa aje kutoka Kaengesa atoe yake. Alikuja amevaa shati la kanisani. Tangu hapo, mama anapokwenda kutolewa, yeyote kati yetu ambaye muda wake wa kutoa tena umefika naye anakwenda kutoa. Kaka akilala pale na bomba mkononi, mama hukaa kando yake akiwa amepumzika, na hupiga soga na manesi kuhusu bei ya mbolea.

Uchovu ulianza kuondoka kabla hatujatambua. Jirani ndiye aliyeniambia tena, safari hii kwa kulalamika, kwamba akipeleka maziwa asubuhi anamkosa mama, ameshatoka. Vidole bado vinamsumbua wakati wa baridi. Ngozi imerudi polepole.

Kupika hakuacha. Mimi nilidhani ataacha, na kaka pia, lakini mama alisema daktari alimkataza kunywa, hakumkataza kupika. Alinunua ndoo kubwa za plastiki zenye vifuniko na masufuria ya kupikia uji, na kazi ya kuonja akampa mke wa kaka. Wateja wa kwanza walisema pombe imebadilika, haina ule ukali. Mama aliwajibu kwamba ule ukali ulikuwa wa pipa, na kama wanautamani wakalambe pipa nyuma ya zizi. Baada ya muda wakazoea.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba alianza kuwaeleza wengine. Alisimama kwenye jumuiya, mbele ya kaka akiwa mwenyekiti, akawaambia wanawake wanaopika kwenye mapipa waachane nayo, akawaeleza kwa nini. Wapo waliomcheka. Wapo waliokuja baadaye, mmoja mmoja, kumwuliza uzito wa ubavuni unakuwaje. Mwanamke mmoja alipanda kutoka Milepa, kule bondeni, baada ya kusikia habari kwa mtu wa tatu. Mama alimpikia chai, akamwelekeza hospitali, akamwambia asiogope mashine, na wakimwambia abane pumzi na hawezi, aseme hawezi, siku hizi ipo njia nyingine.

Mwaka uliofuata tulirudi Mbeya kupima tena. Binti wa mashine sasa alikuwa na pete ya ndoa, na mama alimuuliza habari za mume kabla hata ya kuvua viatu. Aliingia kwenye lile tundu, mashine ikaanza kuvuma, na baada ya muda tukasikia kupitia kipaza sauti mlio mwingine chini ya ule wa mashine. Binti akainamisha kichwa kusikiliza. Mama alikuwa anakoroma. Nikauliza kama itaharibu picha. Akasema hapana, kukoroma nako ni kupumua.

Rangi kwenye picha ya chuma ilikuwa imepungua karibu nusu. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo sana. Daktari aliziweka picha za mwaka uliopita na za mwaka huu pamoja, na mama akavaa miwani niliyoishonea mfuko, akazilinganisha kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama anaweza kurudi kupalilia. Daktari akasema hakuna aliyemkataza. Mama akanigeukia kwa jicho la ushindi, kwa sababu mimi nilikuwa nimemkataza.

Nililala Kaengesa tuliporudi, nikipanga asubuhi nimwandalie uji wa moto apumzike, maana safari ni ndefu. Nilipoamka ukungu ulikuwa haujainuka kwenye mikaratusi na kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nilipika ule uji hata hivyo, nikatoka nikasimama mlangoni na kikombe chake mkononi. Kutoka upande wa shamba nilimsikia anagombana na jirani yake, mmoja kwa Kifipa kilichochanganyika na Kiswahili, mwingine kwa Kiswahili chenye Kisukuma, kuhusu ndama aliyeingia kwenye ulezi. Sauti ya mama ilikuwa juu, haikukatika, haikukohoa. Nilikunywa ule uji mimi mwenyewe.